Mshenga wa Bega la Kulia

Kwa miaka minne, kila Jumamosi ya kiangazi, kazi yangu ilikuwa kuhesabu mipira aliyorusha mtu mmoja. Mwanzoni hakuna aliyenituma. Nilikaa kwenye benchi la mbao kando ya kiwanja, upande wa Hässelby, pembeni mwa Stockholm, njiti za kiberiti zimejaa mfuko wa kushoto wa koti, na kila mpira ulipokwenda, njiti moja ilihamia mfuko wa kulia. Mapajani niliweka daftari, na humo nilipiga vistari. Mchezo ukiisha nililinganisha mfuko na daftari. Vikipishana, nilianza upya. Wenzangu ugenini walikumbuka vyakula vya kwao. Mimi nilikumbuka Kariakoo, ambako ukihesabu mara moja tu unafika nyumbani na machungwa tisa badala ya kumi.

Mchezo wenyewe ulikuwa besiboli. Najua utauliza mtu wa Kariakoo alitafuta nini kwenye besiboli, tena Stockholm, ambako hata Waswidi wenyewe waliuangalia mchezo ule kama viatu vya mgeni wasiyemjua vilivyoachwa mlangoni kwao. Timu ilianzishwa na daktari wa meno aliyewahi kusoma Marekani. Alikusanya vijana wa Kiswidi na Wamarekani wawili waliokataa kwenda vitani, akawa kocha wao. Jumamosi moja tulikuwa tukipita pale, mimi na kaka yangu, mpira wao ukavuka uzio ukaanguka miguuni petu.

Nasema kaka yangu, ingawa si wa tumbo moja. Yeye ni wa Mwanza. Tulikuja mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya sitini, mimi, niliyekulia dukani, kujifunza mashine za kuchapa, yeye kujifunza ujenzi, na yeye akaishia kuwa fundi rangi. Aliuokota mpira ule akaurudisha. Umbali wake, kwa hesabu yangu, ni kama kutoka duka la kwanza hadi la nane katika mtaa wetu. Ulimfikia daktari wa meno kifuani bila kugusa nyasi. Wakamwita aingie. Hakurudi tena upande wangu wa uzio.

Kwa asiyeujua mchezo, ni hivi. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo katikati ya kiwanja. Mbele yake kuna mpigaji mwenye gongo, na nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji mwenye glavu. Mrushaji anataka mpira umpite mpigaji. Mpigaji anataka kuupeleka mbali, apate muda wa kukimbia kuzunguka kiwanja, na akirudi alipoanzia ni bao. Mengine yote watu wamejiongezea ili mchana upite.

Siku za kazi kaka yangu alikuwa mtu wa ngazi na ndoo. Alipaka dari za watu huko Sundbyberg, na waliopita chini yake walimwona kama sehemu ya ngazi. Lakini Jumamosi alipopanda kile kichuguu, watu sabini na wanne walinyamaza wakingoja ainue mguu. Niliwahesabu mara mbili, mbwa sikuwatia. Alikuwa na kawaida ya kuutazama mpira kwanza, kama anausomea, halafu anatabasamu, halafu anarusha. Lile tabasamu sijawahi kuliona juu ya ngazi.

Mwaka wa nne mambo yalianza kubadilika. Mipira aliyorusha ilianza kutembelea miti. Nyuma ya kiwanja kulikuwa na mibetula, na kila mpigaji wa timu ngeni alitaka kuondoka na ukumbusho wa kuupeleka mpira huko. Vijana wa timu, ambao zamani walimwita kwa jina, wakaanza kumwita kwa neno la Kiswidi lenye maana ya mzee. Walisema kwa mapenzi. Yeye alilisikia kama ilani ya kuhama nyumba.

Suala la umri lilikuwa na utata wake. Pasipoti ilisema ana miaka thelathini na saba, lakini pasipoti ile ilikuwa na adabu mno. Kozi iliyomleta ilikuwa na ukomo wa umri, kwa hiyo karani mmoja alimpunguzia miaka mitano, na kaka yangu akahamia ndani ya umri ule akaishi humo kwa raha. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu. Kwa mujibu wa pasipoti, alianza darasa la kwanza akiwa na miaka miwili.

"Nilikuwa na akili," alinijibu nilipomwuliza.

Basi, Jumapili moja mkewe akanipigia simu nyumbani niende kwao mchana. Mkewe ni wa Tanga, msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja, mwanamke mwenye sauti ya chini na kumbukumbu ndefu. Walipooana, wazee wa kutosha hawakupatikana Stockholm nzima, na mimi, kijana wa miaka ishirini na minne, ndiye niliyepewa ushenga kwa sababu tu nilijulikana kuwa najua kupatana. Kazi ya mshenga, kama ujuavyo, haiishi siku ya harusi. Ndoa ikiyumba, wa kwanza kuitwa ni yeye aliyeisifia mali.

Nilikuta chai na maandazi ya iliki mezani. Hilo lilinipa matumaini.

"Mshenga," alisema.

Akiniita shemeji, mambo ni mazuri. Akiniita mshenga, nakaa vizuri kwenye kiti.

"Nani alikuja kwetu akasema huyu mwanamume ni mzima, hana kasoro?"

"Mimi, shemeji."

"Ulisema ana mikono mingapi?"

"Miwili."

"Njoo uhesabu."

Kaka yangu alikuwa kwenye kochi sebuleni, bega la kulia limefungwa kwa kanga, anakoroga chai kwa mkono wa kushoto. Aliponiona alijaribu kunipa mkono wa kulia. Ukafika usawa wa kifua ukagoma.

"Baridi tu," alisema. Ilikuwa mwezi wa Julai.

"Kila Jumapili namchua," mkewe alisema. "Jumatatu anapanda ngazi, anapaka ukuta mpaka hapa," akaonyesha usawa wa kidevu. "Msimamizi ameshauliza kwa nini dari hazimaliziki. Bega hili ndilo kazi yake, mshenga. Likifa, tutakula besiboli?"

"Daktari hospitalini kwako amesema nini?" nikauliza.

"Amesema aache kurusha. Huyu akamwuliza aache kurusha au apunguze."

"Si ni swali la maana?" kaka yangu alisema.

Nikaona hapa pana kazi. Pande mbili, na katikati bega. Nikamwuliza kaka yangu anataka nini. Akasema miaka mitano. Nikamwuliza shemeji. Akasema aache leo. Kaka akasema haiwezekani leo, fulana ya mchezo haijakauka. Tukaendelea hivyo mpaka maandazi yakaisha. Kaka akashuka hadi kwenye michezo minne iliyobaki ya msimu. Shemeji hakupanda hata hatua moja.

Nikawaambia kuna upande wa tatu, yaani kocha, na haifai tukubaliane wenyewe kwa wenyewe. Niende nimsikilize.

Kaka yangu alinisindikiza mlangoni. "Mdogo wangu," alininong'oneza, "usinitupe. Anza chini kabisa ili uonekane umekuja na nguvu. Halafu mwache akupandishe mpaka minne."

"Nimesikia!" mkewe alisema kutoka ndani. "Asikupandishe hata mmoja!"

Jumatatu jioni kocha alinipokea kwenye chumba chake cha matibabu, mgonjwa wa mwisho akiwa ameshaondoka. Kulikuwa na viti viwili tu, kimoja chake, na kingine kile cha wagonjwa kinacholala. Nawaambia wafanyabiashara wenzangu, kupatana na mtu ukiwa umelala chali, taa usoni, ni kazi nzito. Lakini nilikuwa na mpango wangu. Kwetu unafungua na bei isiyowezekana. Mwenzako anashika kichwa, anamwita mama yake, anacheka, anataja ya kwake isiyowezekana upande wa pili, na kutoka hapo mnatembea polepole mpaka mkutane. Bei ya kufungulia si bei, ni salamu.

"Familia imekaa," nilimwambia. "Imeamua asirushe tena hata mpira mmoja."

Nikangoja ashike kichwa.

Yeye ni mtu wa kaskazini, na watu wa kule wakikubali jambo huvuta pumzi ndani kwa kasi, kama mtu aliyeungua ulimi. Akavuta.

"Naheshimu uamuzi wa familia," alisema.

Akafungua kabati, akatoa orodha ya wachezaji, akachukua penseli, akapiga mstari. Akanishika mkono. Akaniambia nimsalimie. Nilikuwa barabarani, upepo wa Julai usoni, ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimemstaafisha kaka yangu kwa bei ya kufungulia.

Nilirudi kwao nikitembea, ingawa treni ilikuwepo. Nilihitaji muda wa kupanga maneno, na nilipofika sikuwa nimepanga hata moja. Nikasimulia kama ilivyokuwa. Nilitegemea kaka yangu apige kelele. Nilijiandaa hata kwa kikombe. Hakurusha kitu, na ukizingatia hali ya bega ni sawa. Aliuliza swali moja tu.

"Hakubisha?"

"Hakubisha, kaka."

"Hata kidogo?"

Akageuka akatazama dirishani, kwenye maghorofa ya jirani, na nikaona uso wake ule wa juu ya ngazi. Hapo ndipo niliposikia uzito. Kuacha kurusha kungemuuma, lakini zaidi aliumizwa na kuondoka bila mtu kumvuta shati.

Shemeji alikuwa amesimama na birika mkononi. Alikuwa amepata kila alichokitaka, bila kupunguziwa hata mpira mmoja, na bado hakumimina chai.

"Miaka minne," alisema taratibu. "Jua, mvua, miguu imejaa matope kwenye zulia langu. Na hakubisha? Kwani alifikiri tulimwokota?"

"Mama, ndicho ulichotaka," kaka yangu alisema.

"Nilitaka uache. Sikutaka uachwe." Akanigeukia. "Mshenga, vaa koti. Rudi."

Kesho yake nikarudi. Mara hii nilikataa kulala, nikasimama. Kocha alinisikiliza nikieleza kwamba lile neno la jana lilikuwa mwanzo tu.

"Mwanzo wa nini?" aliuliza.

"Wa mazungumzo."

"Lakini ulisema hata mmoja."

"Ndiyo. Na wewe ulitakiwa ukatae."

Akakaa kwenye kile kiti cha wagonjwa mwenyewe. Nilidhani amekasirika. Kumbe ile orodha ilikuwa bado mezani, na ule mstari wa penseli alikuwa ameshaufuta, halafu ameurudisha, halafu ameufuta tena, mpaka karatasi ikatoboka.

"Nilikuwa na mengi ya kusema," alisema. "Huyo ndiye mrushaji niliyemwota tangu naanzisha timu. Lakini niliona si haki yangu kubishana na familia ya mtu. Usiku kucha nimeona aibu kwamba hata kahawa ya kumuaga sikumpa." Akaniangalia kama mtu anayechungulia jino. "Sasa niambie namba ya kweli. Unayoitaka hasa."

Katika maisha yangu yote ya kununua na kuuza, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Ilikuwa kama kuvuliwa shati. Lakini namba nilikuwa nayo, kwa sababu nilikuwa na daftari. Msimu mzima vistari vyangu vilisema jambo moja, na njiti za mfukoni zilikubali. Hadi mpira wa sitini, mrushaji wetu alikuwa yule wa zamani. Baada ya sitini kiwiko kilishuka, na mibetula ikaanza kupata wageni.

"Mchezo mmoja wa mwisho," nilisema. "Mipira sitini. Kisha aondoke akiwa anatazamwa."

Akavuta pumzi ndani. Safari hii niliifurahia ile sauti.

Shemeji alipoambiwa sitini aliuliza nani atahesabu. Nikamwambia mimi. Akauliza mara ngapi. Nikamwambia mara mbili. Akasema haya. Kaka yangu alikaa wiki mbili bila kugusa mpira, akichuliwa asubuhi na jioni, na kazini mwenzake mmoja alimshikia dari.

Siku yenyewe jua lilitoka kama lililipwa. Watu walikuwa mia moja na kumi na wawili, maana kocha alikuwa amewaambia wagonjwa wake wote, na mgonjwa mwenye mdomo wazi hawezi kukataa mwaliko. Shemeji hakuwepo. Alikuwa na zamu ya asubuhi hospitalini, na isitoshe, kwa miaka minne alikuwa ameapa hatakanyaga pale.

Kaka yangu alipanda kichuguu, akautazama mpira, akatabasamu. Njiti ya kwanza ikahama. Sijui niseme nini kuhusu saa ile iliyofuata. Mpira ulikwenda ulikotumwa. Wapigaji walizungusha gongo wakapiga hewa, wakarudi kwenye benchi lao wakijitazama viganja. Mmoja wa wale Wamarekani alikuwa mdakaji wetu, na kila glavu yake iliposema pa! alipiga yowe la furaha. Njiti kumi, ishirini na tano, arobaini.

Mpira wa hamsini ulipotoka niliona kitu. Aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, chini, karibu na mapaja, watu wasione. Akageuza kichwa kama anamtafuta kocha. Kisha akatulia, akiangalia mbali, juu ya kichwa changu.

Nikageuka. Shemeji alikuwa akishuka kilima kutoka kituo cha treni, amevaa koti la kazini na kanga juu yake, amekumbatia sufuria ya pilau iliyofungwa kwa taulo. Kaka yangu akamgeukia mpigaji, akarusha, mpigaji akapiga hewa kwa mara ya tatu akatolewa. Shemeji hakujua kilichotokea, ila aliona watu wanapiga makofi wakimtazama mume wake. Akaweka sufuria chini akapiga vigelegele.

Mchezo ukasimama. Mwamuzi alivua kinyago akaanza kutafuta aliyeumia.

"Hakuna mgonjwa!" nilipiga kelele kwa Kiswidi. "Ni furaha!"

Shemeji akaketi pembeni yangu. "Huyu mwenye gongo anataka nini?" Nikamweleza. "Na anapiga nini sasa?" Hapigi kitu, nikamwambia, ndiyo raha yake. Akaanza kucheka. Mpira wa hamsini na sita ulimponyoka mdakaji, ukampiga mwamuzi kifuani, mwamuzi akakaa chini. Vigelegele tena. Nikamwambia ule haukuwa mzuri. Hakunisikia.

Hamsini na tisa. Sitini. Nikaangalia daftari, nikapapasa mfuko. Vilikubaliana. Wapigaji wawili walikuwa wameshatoka, bado mmoja zamu yao ya mwisho iishe, na tulikuwa mbele kwa bao moja. Nikainua mkono. Kocha akasimama.

"Unafanya nini?" shemeji akanishika mkono akaushusha.

"Imetimia sitini."

"Ongeza kumi."

"Shemeji, wewe ndiye uliyesema hata mmoja!"

"Nilikuwa sijaona!"

Kocha alikuwa ametufikia. "Anasema nini?"

"Anasema kumi zaidi."

Akafikiri. "Je, huo ni mwanzo?"

"Hapana," nilisema. "Huyu anasema kweli kabisa."

Tukaenda wote wawili hadi kwenye kichuguu, mimi na kocha, kwa sababu mshenga hawezi kutuma salamu kama hizo kwa mdomo wa mtu mwingine. Nikamwambia kaka yangu mkewe anataka kumi. Kocha akasema kwa upande wake hata ishirini. Ungeona uso wa kaka yangu. Nadhani alikuwa amengoja maisha yake yote watu wagombanie namba yake, na namba yenyewe ipande. Alisimama pale akiila taratibu. Halafu akaweka mpira kwenye kiganja cha kocha, akakikunja.

"Mwambie shemeji yako nimechoka," aliniambia. "Mwambie vizuri."

"Umechoka sasa hivi?"

"Nilichoka kwenye hamsini. Nilishageuka niombe kutoka, nikamwona anashuka na sufuria. Hiyo kumi ilikuwa yake."

"Nimwambie?"

"Thubutu."

Sikumwambia. Sasa atasoma hapa, na wote wawili tujiandae.

Akatoka. Watu mia moja na kumi na wawili walisimama, na shemeji wa mia na kumi na tatu. Alitembea polepole hadi kwenye benchi, bila kuangalia nyuma, fulana imelowa. Mmarekani wa pili akachukua nafasi, na mpira wake wa kwanza ukaenda kwenye mibetula, na mtu wao mwingine alikuwa ameshafika nusu ya mzunguko, wakarudi wote wawili, wakapata mabao mawili. Tukashindwa kwa moja. Shemeji alitaka kwenda kuzungumza na mwamuzi. Tulimzuia kwa pilau, ambayo ilitosha timu zote mbili, na mwamuzi naye akala, mkono mmoja kifuani.

Bega lilipoa kabla ya theluji, na dari za Sundbyberg zikaanza kumaliziwa mpaka pembeni. Lakini jioni ile tulitembea watatu kwenda kwenye treni, jua bado liko juu kama saa nane za kwetu, kaka yangu amebeba sufuria tupu kwa mkono wa kushoto. Alikuwa akiyarudia yote. Akasema mpira wake bora ulikuwa wa thelathini na moja, ule uliopinda mwishoni. Mimi, nikifungua daftari, nikasema wa kumi na nane.

"Hamjui kitu," shemeji alisema. "Bora ni ule uliomkalisha yule baba chini."

Kaka yangu alisimama katikati ya njia akacheka hadi ikabidi aiweke sufuria chini. Alijaribu kumweleza kwa nini ule ulikuwa mbaya kuliko yote aliyowahi kurusha. Alieleza mpaka stesheni, akaeleza kwenye ngazi, akaeleza ndani ya behewa, na shemeji akamsikiliza vizuri, akiitikia kwa kichwa kila mara, na tulipofika kituo chao akasema hata hivyo, ni ule.